Kreti ya Nyanya Pesa Ngapi, Mheshimiwa?

Mwaka 1965, kwenye mkutano wa hadhara Kandara, Murang'a, Mzee Jomo Kenyatta alimgeukia Bildad Kaggia mbele ya umati na kumwuliza swali ambalo bado linatembea katika siasa za Kenya. Wawili hawa walikuwa wamehukumiwa pamoja katika kesi ya Kapenguria, ambapo wakoloni waliwashtaki kwa kuongoza Mau Mau, na kukaa kifungoni pamoja. Wenzao wa kifungoni, Mzee alisema, wamejijengea nyumba nzuri na kupanda kahawa. Wewe Kaggia, umejifanyia nini?

Kaggia alikuwa akitetea jambo moja bila kuchoka: ardhi iliyoachwa na walowezi iwafikie wasio na kitu, wakiwemo waliopigana msituni, badala ya kuishia mikononi mwa wenye uwezo wa kuinunua. Kwa msimamo huo alikuwa ameshapoteza wadhifa wake serikalini mwaka 1964. Mzee hakumjibu kuhusu ardhi. Alimjibu kwa kumwonyesha umaskini wake mwenyewe, kwamba mtu ambaye hakujitajirisha hana haki ya kusema juu ya mali ya nchi.

Nalirudia tukio hili kila uchaguzi unapokaribia, kwa sababu naona lilichora ramani. Wakubwa wetu wamekuwa na njia mbili za kumtazama mtu anayehangaika. Ya kwanza ni ile ya Kandara: kama huna, kosa ni lako. Ya pili ilikuja baadaye, nayo ni tamu zaidi: kama huna, wewe ni shujaa, na mimi pia nilikuwa kama wewe. Ya kwanza inadharau na ya pili inasifu. Zote mbili zinakwepa swali la Kaggia, yaani nani anapata nini, na kwa uamuzi wa nani.

Kati ya hizo njia mbili aliwahi kusimama mtu wa tatu, J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliyeonya kwamba hatutaki Kenya ya mamilionea kumi na ombaomba milioni kumi. JM mwenyewe alikuwa mtu wa mali, tena nyingi. Hakujifanya maskini ili awasemee maskini. Aliuawa Machi 1975 na mwili wake ukapatikana Ngong. Namtaja kwa sababu ananisaidia kutoanguka katika mtego wa kudhani kwamba mgombea tajiri hawezi kusimama upande wa mnyonge, au kwamba aliyezaliwa kibandani lazima atakumbuka kibanda.

Tuje 2022.

Uhuru Kenyatta alikuwa anamaliza muhula wake wa pili na kumuunga mkono Raila Odinga, ambaye sasa ni marehemu. Mmoja mtoto wa rais wa kwanza, mwingine mtoto wa makamu wa kwanza wa rais. Naibu wa Rais, William Ruto, aliyekuwa ametupwa nje ya mlango wa nyumba aliyosaidia kuijenga, akaona kitu ambacho wengine walikidharau. Akagawa nchi pande mbili: watoto wa vigogo upande huu, mahasla, yaani wahangaikaji, upande ule. Akasimulia jinsi alivyouza kuku kando ya barabara pale Kamagut, na jinsi alivyovaa viatu kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 15. Chama chake cha UDA kikachukua wilbaro kuwa nembo. Kazi ni kazi, wakasema. Uchumi utajengwa kuanzia chini kwenda juu.

Wasomi wengi wa mjini waliona ni mchezo. Serikali nayo ikajaribu kumvua nguo. Mwaka 2021 Waziri Fred Matiang'i alifika mbele ya kamati ya Bunge na orodha ya nyumba, mashamba na hoteli za Naibu wa Rais zilizokuwa zikilindwa, akasema askari wanaomlinda yeye na mali yake ni 257. Waliotarajia orodha hiyo itamzika walishangaa. Haikumtikisa. Watu walijua fika kwamba Ruto ni tajiri. Walichosikia katika hadithi yake ni kwamba mtu anaweza kutoka kando ya barabara akafika, na kwamba hatimaye kuna mgombea anayetamka jina lao bila kuziba pua.

Nililiona hili kwa khalati yangu, mdogo wake mama, anayeuza mboga na nyanya soko la Kongowea hapa Mombasa. Mombasa ilimpa Raila kura nyingi, naye pia alikuwa wa Baba, yaani Raila, tangu zamani. Lakini kila redio ya jirani ilipotaja mama mboga kwenye hotuba ya kitaifa, alikuwa akinyamaza kusikiliza. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, mimi simpendi yule, lakini angalau ametutaja. Hawa wetu wanatutaja wakija kuomba kura tu." Sikuwa na la kumjibu. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa inaitwa "sekta isiyo rasmi" kwenye ripoti, kana kwamba kulisha jiji ni jambo la pembeni, na sasa mtu alikuwa anaiita kazi.

Basi tusiidharau nguvu ya kutajwa. Heshima ni hitaji la kweli kama chakula. Lakini kutajwa kuna vipimo vyake, na kipimo kimoja nilikiona kwa macho yangu.

Katika kampeni zile zile alikuja sokoni mgombea wa kiti cha wadi, wa chama ambacho sitakitaja. Alikuja na kundi la vijana wenye fulana, spika na wapiga picha wawili. Akaizunguka meza ya khalati, akajifunga leso yake kiunoni, akashika kisu na kuanza kukata sukuma wiki. Aliikata vipande vipana, na mteja wa Kongowea hanunui sukuma iliyokatwa hivyo. Anataka nyembamba kama nyuzi. Kisha akaanza kuwagawia watu nyanya, mafungu mazima, huku akipiga kelele, "Ongezea mama, ongezea!" Watu wakashangilia. Picha zikapigwa. Akamkumbatia khalati, akamwuliza jina, akalitamka kwa kipaza sauti, akaondoka kwenda meza ya samaki.

Baada ya msafara kupita, khalati aliokota zilizobaki, akahesabu mafungu yaliyokwenda bure, akaiweka kando ile sukuma iliyoharibika ili aipike mwenyewe nyumbani. Hakuna aliyemlipa. Alichosema hakikuwa kuhusu pesa hizo. Alisema, "Hakuniuliza nyanya nimenunua pesa ngapi."

Naona hiyo ndiyo dharau iliyojificha ndani ya sifa. Mgombea yule alitaka meza, leso, kisu na jina. Hakutaka hesabu. Na maisha ya mfanyabiashara mdogo yote yamo ndani ya hesabu: kreti imepanda hadi wapi leo, lori limechelewa kiasi gani barabarani, hamali anataka ngapi kufikisha mzigo mezani, ada ya soko ya kaunti, choo cha kulipia, na kile kinachooza jioni. Mtu asiyeuliza hesabu hawezi kujua kwamba mvua ikinyesha siku mbili mfululizo Kongowea, tope likajaa kati ya meza, wateja wa Nyali na Bamburi hawashuki kwenye magari yao, na siku hiyo mtaji unaliwa.

Kuna jambo jingine kuhusu kampeni ile ambalo halikuzungumzwa vya kutosha. Hasla aliyesifiwa majukwaani alikuwa karibu daima ni mtu mwenye kitu. Ana wilbaro, ana kibanda, ana pikipiki. Anachokosa ni mtaji, na mtaji ukija atapaa. Sasa nenda Kongowea alfajiri umtazame hamali anayesukuma mkokoteni. Mara nyingi mkokoteni si wake, ameukodi. Mwanabodaboda anayesubiri abiria pale langoni, pikipiki si yake. Jioni lazima apeleke hesabu kwa mwenyewe hata kama mvua imemkosesha abiria. Msichana anayemenya vitunguu na njegere nyuma ya meza analipwa kwa ndoo. Walinzi wa usiku, mayaya, vibarua wa mjengo, hawa wote ni watu wanaouza jasho lao kwa mtu mwingine. Mtu wa mkokoteni alitajwa, ndiyo, tena mara nyingi. Lakini ahadi aliyopewa ilikuwa ni mkopo. Sikusikia mgombea yeyote mkubwa, wa upande wowote ule, akisimama kwa dakika kumi kueleza kima cha chini cha mshahara kitasimamiwaje kwa yaya au kibarua, na tajiri asiyelipa atafanywa nini.

Ukimwambia kila mtu kwamba yeye ni mfanyabiashara anayesubiri mtaji, umeshalifuta swali la mwajiri. Na khalati yangu, ambaye nampenda, akimpunja hamali, kampeni ile haikuwa na neno la kumwambia. Wote wawili ni mahasla, basi yamekwisha.

Upande wa Azimio, muungano wa Raila, ulikuwa na tatizo jingine. Raila aliahidi shilingi 6,000 kila mwezi kwa familia milioni mbili zenye hali ngumu zaidi. Kwangu mimi hiyo ilikuwa ahadi yenye maana kuliko zote za msimu ule, kwa sababu ilimlenga asiye na wilbaro: mgonjwa, mjane, bibi anayelea wajukuu. Tena haikuwa ndoto, maana mpango wa Inua Jamii tayari ulikuwa unawapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, japo wazee wanajua jinsi zinavyochelewa. Lakini vijana wengi niliozungumza nao waliikataa kwa hasira. "Sisi si ombaomba," waliniambia. Mmoja alikuwa kijana wa tuktuk anayemtunza mama yake aliyepooza. Angekuwa wa kwanza kwenye orodha. Hapo nilielewa jinsi siasa ya kusifu uhangaikaji inavyoweza kumfanya mtu aone haya kudai kilicho haki yake.

Na serikali iliyokuwa inaondoka? Julai 2022, zikiwa zimebaki wiki tatu watu wapige kura, ndipo ilipotangaza ruzuku ya kushusha pakiti ya unga wa mahindi wa kilo mbili hadi shilingi 100. Unga ulikuwa umevuka 200. Watu walikuwa wamelala njaa miezi kadhaa. Ruzuku ile ilipangwa kwa majuma machache tu. Sina neno la upole kwa jambo hilo.

Agosti 9 watu wakapiga kura. Ruto akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila, na Mahakama ya Juu ikauthibitisha ushindi huo Septemba 5. Kuna namba nyingine ambayo huwa hairudiwi sana: kati ya wapiga kura zaidi ya milioni 22 waliojiandikisha, zaidi ya milioni 7 hawakufika kituoni. Uchaguzi uliohubiri maskini kuliko wowote katika historia yetu uliwavuta watu wachache kuliko ule wa 2017. Wengi niliowauliza mtaani kwetu walisema jambo moja kwa maneno tofauti: atakayeingia ataingia, mimi kesho niko sokoni.

Rais mpya aliapishwa Septemba 13, 2022. Siku iliyofuata, ruzuku ya mafuta ilipopunguzwa, petroli Nairobi ilitoka takribani shilingi 159 hadi 179 kwa lita, na mafuta ya taa, ambayo ni moto wa jikoni na taa ya asiye na gesi wala stima, yakatoka kama 128 hadi 148. Ruzuku za matumizi, tulielezwa, ni mzigo, na heri kusaidia uzalishaji. Kuna hoja ndani yake, na mbolea kweli ilishuka bei kwa wakulima. Ila mtu anayepima mafuta ya taa kwa chupa ya soda haishi ndani ya hoja. Anaishi ndani ya leo usiku.

Novemba 30 ikazinduliwa Hazina ya Hasla, mfuko wa serikali wa kuwakopesha watu wadogo. Nataka kuwa mkweli hapa kwa sababu wapinzani wengi hawakuwa. Riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka, na ukilinganisha na programu za mikopo ya simu na wakopeshaji wa mtaani, hiyo ni afueni ya kweli. Khalati alikopa. Mkopo wa mwanzo ulikuwa shilingi 500. Asilimia 5 ikakatwa kuwekwa akiba, mkononi zikaingia 475, zirudishwe ndani ya siku 14. Alirudisha. Lakini shilingi 475 Kongowea haikupi kreti ya nyanya, wala nusu yake. Inakupa mafungu ya dania na ndimu. Aliyeahidiwa kupandishwa ngazi alipewa pesa ya kubaki pale pale alipokuwa.

Kisha ukaja ushuru. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, ikaleta makato ya asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba, na kupandisha kodi ya mauzo ya biashara ndogo kutoka asilimia 1 hadi 3. Hii ya mwisho haikupigiwa kelele sana, nami nataka kuikazia. Inatozwa kwa mauzo, haiangalii faida, na inaanzia kwa anayeuza zaidi ya shilingi milioni moja kwa mwaka. Milioni moja inasikika kama utajiri. Igawe kwa siku 365 utapata kama shilingi 2,740. Meza ya nyanya inayofanya vizuri Kongowea inaweza kuuza hivyo na mwenyewe akaenda nyumbani na mia tatu. Katika hesabu ya sheria huyo ni mfanyabiashara wa kutozwa hata siku ambayo nyanya zimemwozea.

Wakati huo huo majirani zetu Tanzania walikuwa wameshapitia lao, na vitunguu vya khalati hutoka huko, kwa hiyo habari hufika na lori. John Magufuli alijiita mtetezi wa wanyonge. Desemba 2018 alitoa vitambulisho vya shilingi 20,000 za kwao kwa wafanyabiashara wenye mauzo chini ya milioni 4 kwa mwaka, na mwenye kitambulisho hakupaswa kusumbuliwa na mgambo. Machinga, yaani wachuuzi wadogo wa barabarani, walimpenda kwa hilo na sioni kosa lao. Alifariki Machi 2021. Kabla mwaka haujaisha, machinga walikuwa wanaondolewa kando ya barabara za Dar es Salaam. Kinga yao ilikuwa imesimama juu ya neno la mtu mmoja.

Kwetu, Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia. Mkate na mafuta ya kupikia! Hakuna mtu aliyewahi kununua mafuta ya kupima ya shilingi ishirini ambaye angeandika kifungu kile. Vijana walipoingia barabarani Juni, kifungu cha mkate kiliondolewa haraka, lakini walikuwa wameshasoma mswada mzima, wakiutafsiri kwa lugha za nyumbani na kuusambaza kwa simu. Juni 25 wabunge wakaupitisha, vijana wakaingia Bungeni, risasi zikapigwa. Juni 26 Rais akakataa kuutia saini. Katika maandamano ya majuma yale makumi ya watu waliuawa, wengi wao vijana wasiofika miaka thelathini. Wengine walikuwa watoto wa mama mboga wale wale waliotajwa majukwaani.

Kilichonigusa katika siku zile ni kwamba hakuna aliyesimama kusema yeye ni hasla. Walikuwa wanauliza hesabu. Deni ni kiasi gani, limekopwa na nani, limekwenda wapi, mbunge analipwa ngapi, saa ile mkononi mwake ilinunuliwa kwa mshahara upi. Waliambiwa miaka miwili mfululizo kwamba nchi ni yao, wakaja kukagua daftari. Wengi wa waliowaita wenye nchi wakiomba kura sasa waliwaita wahuni.

Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Nyimbo zimeshaanza, wengine wantam (muhula mmoja tu kwa Rais), wengine tutam (mihula miwili), na misafara imerudi sokoni. Aliyeuza kuku, aliyesoma kwa taa ya koroboi, aliyelelewa na mama mjane, wote watapita na hadithi zao, na baadhi zitakuwa za kweli. Mimi nimeamua nitaziacha hadithi zipite, nisubiri zamu ya maswali. Bei ya kreti leo. Ada ya soko inakusanywa kiasi gani kwa mwezi na kwa nini mtaro umeziba. Hamali akivunjika mguu chini ya mzigo nani anamlipia hospitali. Kodi ya mauzo, utaigusa au utaiacha. Yaya wako mwenyewe unamlipa ngapi.

Khalati amesema akija tena wa kukata sukuma, atamnyima kisu mpaka kwanza ajibu la kreti. Nanyi mkimpata wenu sokoni, muulizeni, kisha mniandikie alivyojibu, na bei ya siku hiyo.